Chata ya Wajerumani, safari hii nikiwa ndani

Miaka ishirini na sita nimeipokea ndege hii nikiwa nje ya uzio. Mimi ni dereva wa teksi Uwanja wa Ndege wa Moi, hapa Mombasa, na sisi wa kituoni hatuna habari na majina ya kampuni. Kwetu ni chata tu, yaani ndege za kukodi za watalii: chata ya Wajerumani, chata ya Waitaliano, na zamani chata za Waingereza. Ikishatua, swali la kwanza tunaloulizana ni moja: imejaa? Jibu lake ndilo linaloamua kama jioni utapita sokoni au utapitiliza nyumbani.

Mwezi wa Februari niliingia ndani yake kwa mara ya kwanza, kwenda kumtazama binti yangu anayefanya kazi ya uuguzi karibu na Frankfurt. Niliruka na Condor, kampuni ya ndege ya Kijerumani, ndiyo hiyo chata ya Wajerumani. Nayaandika haya kwa sababu watu wengi wa Pwani bado wanaamini zile ni ndege za wageni pekee, na kwamba mtu wa Changamwe akitaka kwenda Ulaya lazima aanzie Nairobi. Mimi nimetoka kwangu Magongo, dakika kumi nikawa uwanjani, na sanduku langu nililikuta Ujerumani.

Imani hiyo haikuzuka bure. Chata ya asili haikuuzwa kiti kimoja kimoja. Kampuni ya utalii kule Ulaya ilikodi ndege nzima, au fungu kubwa la viti kwa msimu mzima, ikaviuza pamoja na hoteli, basi na chakula. Mgeni analipa mara moja kwao, anashuka hapa akiwa na kila kitu mpaka kitanda cha Diani, ufukwe wetu wa kusini. Nauli ilikuwa nafuu kwa kuwa ndege ilijaa kwenda na kurudi na haikukaa chini. Ndege iliyoegeshwa haiingizi hata senti. Siku hizi Condor inamuuzia tiketi yeyote mwenye simu, ingawa kampuni za utalii bado zinachukua viti vyao. Ila ratiba ni ileile ya likizo. Baridi ikikaza kwao, sisi ndiyo hai sizoni, msimu wa wageni wengi. Mvua ya masika ikianza, ndege zinapungua, na hoteli nyingine zinafunga milango kwa matengenezo.

Kampuni yenyewe ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Ilianzishwa Desemba 1955 kwa jina la Deutsche Flugdienst, ikianza na ndege tatu za Vickers Viking zenye viti 36 kila moja. Safari yake ya kwanza, mwaka 1956, iliwapeleka mahujaji Nchi Takatifu. Jina la Condor likaja 1961. Niliyopanda mimi ni Airbus A330neo, ndege zilizoanza kuingia mwishoni mwa 2022 kuchukua nafasi ya Boeing 767 tulizozizoea, na ina viti 310. Ni ile yenye mistari mipana kama mwavuli wa ufukweni. Yetu ilikuwa ya kijani. Kaka yangu mmoja wa kituoni huiita "kitenge", na sasa wote tunaiita hivyo.

Humo ndani nilikaa dirishani. Tuliruka asubuhi, tukatua kwanza Unguja kuchukua wageni wengine, kwani chata nyingi huunganisha Mombasa na Unguja ili viti vijae. Hatukushuka. Mama mmoja Mjerumani pembeni yangu aliniuliza kama nami natoka likizo. Nilipomwambia mimi ni dereva wa teksi wa Mombasa naenda kwa mwanangu, alinishika mkono akasema amekuja Diani mara kumi na moja, na anakumbuka foleni ya feri ya Likoni, jua kali, masanduku juu ya paa. Tukazungumza mpaka chakula kikaja. Siku hizi abiria wa kusini nampitisha barabara ya Dongo Kundu bila kugusa feri, nikamwonyesha picha za daraja kwenye simu.

Nilimwambia pia yale ambayo mgeni haoni, yaani tunavyoishi chata zikikatika. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Arkia, kampuni ya Israeli, iliyokuwa ikiruka kutoka hapa kwenda Tel Aviv na wasafiri 261. Yaliikosa, alhamdulillahi, lakini asubuhi hiyohiyo hoteli ya Kikambala ililipuliwa, na Wakenya kumi wakafa. Katikati ya Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa ila kwa safari za lazima. Thomson, kampuni ya utalii ya Uingereza, ikawarudisha wateja wake kabla likizo hazijaisha, kisha ikafuta safari za hapa mpaka mwisho wa Oktoba. Siku ile niliwarudisha uwanjani wazee wawili waliokuwa wamekaa siku nne tu. Yule bibi alilia njia nzima, akinipa pole mimi. Nilikaa miezi nikibeba abiria wa Magongo na Mikindani kwa nauli ya kuzunguka mtaani, na mwanangu huyuhuyu muuguzi alikaa nyumbani muhula mmoja kwa ajili ya karo.

Ndiyo sababu Thomas Cook, kampuni nyingine ya utalii ya Uingereza, ilipofilisika tarehe 23 Septemba 2019 hatukulala. Condor ilikuwa mali yao. Serikali ya Ujerumani ikaingilia kwa mkopo wa yuro milioni 380, ndege zikaendelea kuruka, na mwaka 2021 mwekezaji aitwaye Attestor akachukua asilimia 51.

Sasa mtu anayetaka kusafiri asikie jambo lililonitesa. Wakala mmoja wa tiketi mjini aliniambia tarehe ya kurudi ningeweza kuisogeza "siku moja tu mbele" nikitaka. Mjukuu akaugua homa, nikataka siku hiyo moja. Kumbe kesho yake hakuna ndege ya Mombasa, wala kesho kutwa. Ndege hii haiji kila siku kama basi la Malindi. Ukiikosa, unaingoja irudi. Visa yangu ilikuwa imebakiza siku tatu. Nilimpigia wakala, simu ikaita mpaka ikakatika. Mjukuu alipata nafuu usiku ule nami nikarudi kwa tarehe yangu ileile, lakini moyo ulikuwa umeshuka mpaka kwenye viatu. Kabla ya kulipa, mwambie wakala akufungulie kalenda ya safari uione kwa macho yako, na uombe visa yenye siku za kutosha kufikia ndege inayofuata. Soma pia nauli yako inaruhusu kilo ngapi. Mimi nilibeba mabuyu, bizari na krips za muhogo, na vyote vilipita.

Kurudi tuliondoka usiku. Frankfurt hairuhusu ndege kuruka wala kutua kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kwa ajili ya usingizi wa watu wanaoishi jirani na uwanja, hivyo kila mtu alikuwa akitazama saa. Tuliwahi. Baada ya karibu masaa tisa angani, nikafungua macho na kuona maji ya Kilindini na minazi, na rubani akitusalimu "jambo".

Nilitoka mlangoni na sanduku langu. Kituoni walikuwa wamesimama wote kama kawaida, shingo ndefu, wakihesabu vichwa. Hakuna aliyeniuliza habari za Ulaya.

"Mzee, imejaa?"

Nikawaambia imejaa, na nyuma yangu kuna familia ya watu sita wanaokwenda Watamu, wana masanduku mengi, watahitaji gari mbili.