Muuza miche wa Nyegezi: nyota nne

Kama mgomba wako wa kwenye ndoo umegoma kukua, usikimbilie duka la pembejeo. Huyu kaka anauza miche kando ya barabara upande wa Nyegezi, hapa Mwanza, na akiitwa nyumbani anachukua elfu kumi, nauli ya bodaboda juu yako. Kwetu Mabatini ua mzima ni mwamba, jembe halipiti, ndiyo maana mgomba wangu ulikuwa unaishi kwenye ndoo ya rangi ya lita 20.

Kwa joto hili letu, mgomba wenye afya hutoa jani jipya kila baada ya wiki moja hadi siku kumi hivi. Wangu ulibaki na jani la katikati limejikunja tu, halifunguki, na ya chini yanakauka kuanzia kingoni. Duka moja mjini walishasema ni njaa, nimimine urea.

Yeye alipofika, majani aliyatupia jicho tu. Aliomba spoku ya baiskeli, akaichoma kwenye udongo, ikagota hata nusu haijafika. Akamimina kopo la maji: yakateremkia pembeni mwa ndoo, katikati pakabaki pakavu. Ndipo akailaza ndoo na kuuchomoa mgomba na udongo wake. Mizizi imejizungusha ukutani kama ukindu wa mkeka. Tundu la chini lilikuwa moja, nalo limezibwa na mizizi hiyohiyo. Maji yametuama, mizizi ya huko imekuwa ya kahawia, teketeke, inanuka mtaro.

Fundi mwingine angeishia hapo. Huyu alikata kipande chembamba cha tunguu, lile shina la chini ya udongo, kutafuta matundu ya fukusi, mdudu anayetoboa migomba, akapasua na mizizi kadhaa kuangalia madoa mekundu ya minyoo. Safi. Nikamuuliza kuhusu urea. "Mama, ukimwekea sasa hivi unamuunguza. Hiyo mbolea atainywa na mizizi ipi?" Na mifuko ya mbolea anayo, anauza.

Akapunguza mizizi iliyooza, akang'oa maotea yaliyokuwa yakigombania ndoo, akaacha moja tu. Udongo mpya akachanganya na samadi iliyooza vizuri, mchanga na pumba za mpunga, akahamishia kwenye nusu pipa lililotobolewa matundu ya kutosha. Mbolea yenye potasiamu, akasema, isubiri mpaka jani jipya lifunguke. Limeshafunguka, na jingine linachungulia.

Kasoro zipo. "Nipo njiani" yake ni ya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nusu pipa kaniuzia elfu thelathini, bei ambayo nadhani mafundi chuma wangeicheka, kwa hiyo tafuta lako mapema. Halafu udongo wote wa zamani aliuacha barazani, akapanda bodaboda akaenda zake. Nyota ya tano imebaki hapo barazani.