Kipimo cha malaria cha kidole: nyota nne kikiuzwa kamili, moja kisanduku kikivunjwa

Ukiegemea kaunta ya duka la dawa Malindi ukasema mwili unauma na kichwa kinagonga, mara nyingi utaulizwa: "Nikupime, ama nikupe dawa tu?" Pimwa. Kinachotolewa ni kaseti nyeupe ya plastiki, na aina inayozungumziwa hapa ni ile ya kawaida, inayosaka protini ya HRP2. Protini hiyo hutengenezwa na Plasmodium falciparum, kimelea anayeleta sehemu kubwa ya malaria nchini Kenya na ndiye anayeua.

Kisanduku cha kawaida kina kaseti 25, kila moja ndani ya pakiti yake ya foili pamoja na kijipakiti cha kunyonya unyevu, lanseti za kutobolea, pamba za spiriti, vifaa vidogo vya kuchotea damu na chupa ya bafa, yaani kimiminika cha kuendeshea kipimo. Chupa ni moja kwa kaseti zote. Balaa huanzia hapo. Muuzaji akivunja kisanduku na kuuza kaseti mojamoja, mteja huenda nyumbani na pakiti ya foili bila bafa, kisha anatia maji ya mfereji, au maji ya dripu, au bafa iliyobaki ya kipimo kingine kabisa. Bafa imepimwa chumvi na sabuni zake ili kupasua chembe nyekundu, kuachia protini na kuisukuma damu ipande kwenye utepe kwa kasi inayotakiwa. Ukitia maji, utepe unaweza kuchora mstari wa malaria kwa mtu asiye na kimelea hata mmoja. Anayetaka kupimia nyumbani atafute zile pakiti za mtu mmoja zenye kichupa chake ndani. Kaseti tupu ya kuokoteza, hapana, hata ikiwa bure.

Utumiaji wenyewe si mgumu, ila unataka mkono uliotulia. Kidole cha pete ndicho kinachofaa, kwenye ubavu wa ncha, si katikati ya nyama. Mtoto mchanga hutobolewa kisigino. Futa kwa spiriti, kisha ngoja ikauke. Watu wengi hukosea hapo. Spiriti mbichi hufanya damu itapakae badala ya kusimama kama tone, na kifaa cha kuchotea kinabaki kukwangua ngozi. Damu inayohitajika katika kaseti nyingi ni mikrolita 5. Kijiko kimoja cha chai kingetosha vipimo 1,000. Ndiyo maana anayekamulia tone zima moja kwa moja kwenye kaseti huharibu kazi: dirisha lote hugeuka jekundu na mstari hafifu humezwa humo.

Damu huingia kwenye kishimo chake, bafa kwenye kingine, na kubadilisha vishimo ni kosa la kila siku. Matone ya bafa hutegemea kaseti: kuna za 2, kuna za 4, kwa hiyo soma karatasi ya kisanduku hicho hicho. Shika chupa wima kabisa. Ukiilaza, tone hutoka na kiputo ndani, likawa dogo, na damu ikakwama nusu ya njia. Kisha weka saa. Kaseti nyingine husomwa baada ya dakika 15, nyingine 20, na nyingi hazisomeki tena zikipita 30, kwa sababu utepe unapokauka unaweza kuchora mstari ambao haukuwepo. Ile kaseti iliyosahauliwa kando ya jiko tangu alasiri haina la kusema usiku.

Mstari wa C, ule wa udhibiti, ukikosekana, tupa uanze upya. Ukiwepo, unathibitisha tu kwamba kimiminika kilipita na kingamwili za utepe bado zinafanya kazi. Hauthibitishi kwamba damu ilitosha. Kaseti isiyotiwa damu hata chembe itaonyesha C safi kabisa! Mstari wa T, ule wa malaria yenyewe, hata ukiwa mwembamba kama unywele, ni ndiyo. Hakuna "malaria kidogo" kwenye kaseti hii, na wekundu wa mstari haupimi ukali wa ugonjwa.

Sasa udhaifu wake wa ndani, ambao hauna uhusiano na mkono wa mpimaji. Jeni ya HRP2 imekaa kwenye kromosomu ya 8 ya kimelea. Ndugu yake, HRP3, yuko kromosomu ya 13, na protini zao zinafanana kiasi kwamba kingamwili za utepe zinaweza kuzinasa zote mbili. Kimelea akipoteza jeni zote mbili hafi. Anazaana, anapasua chembe nyekundu, anamwangusha mtu, na kaseti inabaki na mstari mmoja. Wanajenetiki walilionyesha hilo kwa vimelea wa Amazon ya Peru mwaka 2010. Eritrea iliacha kutegemea vipimo vya HRP2 mwaka 2016, na Ethiopia, tunayopakana nayo, vimelea hao wamo pia. Ubaya ni kwamba kipimo chenyewe humsaidia kimelea huyo: mwenzake mwenye jeni hugunduliwa na kupigwa dawa, yeye hupita na kubebwa na mbu hadi nyumba ya pili. Shirika la Afya Duniani linataka nchi ibadilishe kipimo pindi wagonjwa wanaokosekana kwa sababu ya kufutika kwa jeni hizo wanapozidi asilimia 5.

Kaseti haiwezi kujigundua kasoro hiyo. Hugunduliwa kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio na kusomwa jeni maabara. Marehemu Dominic Kwiatkowski, daktari wa watoto aliyeingia jenetiki baada ya kuhudumia wagonjwa wa malaria Gambia, alianzisha mtandao wa MalariaGEN mwaka 2005 ili damu za nchi nyingi zisomwe kwa pamoja, na Kilifi ni miongoni mwa vituo vilivyochangia. Huko huko pwani yetu ndiko lilikochunguzwa sana kundi la damu la Dantu, ambalo hukaza utando wa chembe nyekundu hadi kimelea akashindwa kupenya. Lakini kaseti haikusomei jeni zako mwenyewe. Mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu amekingwa kiasi na malaria kali, jambo aliloonyesha Anthony Allison mwaka 1954. Mwenye ugonjwa wa selimundu wenyewe hana raha hiyo, na malaria kwake ni hatari kubwa. Maneno ya mtaani kwamba "wa selimundu hashikwi na malaria" yamechanganya hao wawili.

Kosa jingine liko upande wa pili. HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyemaliza dozi wiki iliyopita akapimwa tena ataona mistari miwili na kuuziwa dozi ya pili bure. Katika mwezi huo, homa ikirudi, aombe kipimo cha damu kwenye kioo, kinachosomwa kwa hadubini, au kaseti yenye mstari wa pLDH, protini inayotoweka mapema zaidi vimelea wanapokufa. Mtu mzima aliyekulia kando ya mto Sabaki anaweza pia kuwa na vimelea wachache wasiomdhuru, huku homa yake ikitoka kwenye mapafu au mkojo. Mstari usifunge macho ya anayetibu.

Duka nalo linahesabika. Visanduku huandikwa joto la mwisho, vingine nyuzi 30, vingine 40. Msimu wa kaskazi, rafu iliyo chini ya bati jua la saa nane huivuka 30 kirahisi, na boksi la pikipiki ni jiko kabisa. Unyevu wa bahari huharibu upesi zaidi: foili ikichanwa, kaseti itumike papo hapo. Angalia tarehe kwenye foili, si kwenye kisanduku pekee, maana visanduku hujazwa upya.

Mtoto aliyeshikwa na degedege, anayetapika kila kitu au asiyeamka vizuri asipelekwe dukani. Apelekwe hospitali moja kwa moja, na mjamzito mwenye homa vilevile.

Kwa homa ya kawaida, kaseti kamili inazidi kubahatisha dawa, na mara nyingi inazidi hadubini inayosomwa na fundi aliyechoka. Mstari ukikosekana na homa ikaendelea hadi kesho yake, nenda kwenye kioo, na uombe fundi aandike idadi ya vimelea kwa kila mikrolita. Karatasi iliyoandikwa "MPS ++" (vimelea wa malaria wameonekana) pekee haimsaidii daktari wa siku ya tatu kujua kama wanapungua.