TAHADHARI: "Sarafu rasmi za dhahabu za Mfalme Charles" zinazouzwa kwenye magrupu yetu

Ndugu zangu mlio Uingereza, na nyinyi wa nyumbani mnaotumiwa picha WhatsApp, someni hii kabla hamjatuma hela. Nimepigwa pauni 65. Kuna waliolizwa zaidi yangu, ila zinaniuma kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawacheka watu wanaopigwa.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya Waswahili huku. Jina silitaji. Maadmin wameshamtoa kwenye magrupu matatu na kila mara anarudi na namba nyingine. Kiswahili chake cha Pwani, kitamu, salamu ndefu, anakuulizia mpaka hali ya wazee nyumbani. Anauza "sarafu rasmi ya dhahabu ya kutawazwa kwa Mfalme Charles III", ndani ya kiboksi chekundu cha mahameli, na cheti chenye mhuri. Anakwambia ni fedha halali ya Uingereza, benki itaipokea siku yoyote. Anakwambia zimetengenezwa chache. Na anakwambia za Malkia zinakwisha muda, kwa hiyo wahi.

Ilipofika niliipenda kweli. Mke wangu ndiye aliyeiweka kwenye mizani ya keki: gramu 8. Nikatoa 50p, yaani sarafu ya peni 50, ya kawaida mfukoni, gramu 8. Dhahabu ya ukubwa ule ingekaribia mara mbili ya uzito huo. Kumbe ni 50p ya kweli kabisa, ile yenye picha ya kanisa la Westminster Abbey, imechovywa rangi ya dhahabu. Sarafu hiyo ilitoka Agosti 2023 kwa ajili ya kutawazwa kwa Mei 6 mwaka ule, na zilitolewa milioni 5 kwenye mzunguko. Ungeweza kuipata kwenye chenji ya mkate. Na ikishachovywa hivyo, wakusanyaji wa sarafu hawaitaki, maana kwao imeharibiwa.

Ujanja wa jamaa huyu ni kwamba kila uongo wake ameupanda juu ya kipande cha ukweli. Chukua hilo la kwisha muda. Septemba 30, 2022, wiki tatu tu baada ya Malkia Elizabeth kufariki, noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliondolewa kwenye matumizi. Siku hiyohiyo ndipo Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali, walipoionyesha hadharani sura ya Mfalme itakayokaa kwenye sarafu. Wengi wetu tukaunganisha mambo mawili yasiyohusiana, na miaka imepita bado tunaamini kwamba hela ya Malkia imekufa. Haijafa. Zile noti ziliondolewa kwa sababu zilikuwa za karatasi na za plastiki zilishaingia. Sarafu za Malkia zipo takriban bilioni 27 na zinatumika kama kawaida, zitachanganyika na za Mfalme mpaka zichakae zenyewe. Noti zake za plastiki vilevile. Serikali ikiamua kuondoa sarafu hutangaza mapema, kama ilivyofanya kwa sarafu ya zamani ya pauni 1 ya duara, iliyokoma Oktoba 15, 2017. Hakuna haja ya kumbadilishia mtu wa WhatsApp.

Halafu hilo neno "fedha halali", ndilo lililonimaliza mimi. Kwa Kiswahili chetu, halali ni kitu safi, unakipokea bila shaka. Katika sheria ya huku maana yake ni finyu mno: ukidaiwa, ukaenda kuliweka deni mahakamani kiasi kamili kwa fedha halali, mdai hawezi kukushtaki kwa kutolipa. Basi. Duka lina hiari ya kukataa na kutaka kadi tu. Tena Sheria ya Sarafu ya 1971 imeweka vikomo: 50p na 20p ni fedha halali mpaka jumla ya pauni 10, 10p na 5p mpaka pauni 5, peni 1 na 2 mpaka peni 20. Za pauni 1 na 2 hazina kikomo. Hata zile kubwa za ukumbusho za pauni 5 ambazo Royal Mint wenyewe huuza, ni halali kisheria lakini benki hailazimiki kuzipokea. Nilipoipeleka yangu benki, binti wa dirishani aliigeuza, akanirudishia kwa adabu huku akijizuia kucheka.

Za kweli zijueni kwa sura. Mfalme anatazama kushoto, hana taji. Kazi ya mchongaji Martin Jennings. Malkia alitazama kulia, na ni desturi ya tangu karne ya 17 kila mtawala kumpa mgongo aliyemtangulia. Nyuma ya zile za kawaida, zilizotangazwa Oktoba 2023, kuna viumbe na mimea: nyuki kwenye pauni 1, samaki samoni kwenye 50p, kindi mwekundu kwenye 2p, jani la mwaloni kwenye 5p, maua ya mataifa manne kwenye pauni 2. Michoro hiyo haitungwi na muuzaji yeyote. Inapitia kamati, inaidhinishwa na Mfalme na kutangazwa kwa tamko rasmi. Ukiona "sarafu" haina thamani iliyoandikwa, hiyo kwa kawaida ni medali tu, isipokuwa sovereign ya dhahabu, ambayo haijaandikwa thamani na ina uzito wa gramu 7.98. Na ukiona jina la Gibraltar au Tristan da Cunha, maeneo ya Uingereza ya ng'ambo, hata kama umbo ni lilelile la 50p, si fedha halali huku.

Kuhusu uchache: 50p ya samoni ya 2023 ni chache kweli, 200,000, pungufu hata ya 50p ya 2009 yenye mchoro wa bustani ya Kew Gardens, iliyokuwa 210,000. Lakini 50p ya kwanza ya Mfalme, ile ya kumkumbuka Malkia ya Desemba 2022, ilipangiwa milioni 9.6, na jamaa anaiita "adimu". Ukitaka bei, nenda eBay, soko la mtandaoni, uchuje vilivyokwisha kuuzwa, maana bei ya kuomba kila mtu anaweza kuandika. Bibi yangu alikuwa na senti kumi yenye tundu ya 1936, ina jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla ya mwaka kwisha. Hadithi nzuri kuliko zote, na sarafu zenyewe zimejaa tele, huuzwa kwa hela ndogo.

Kama umeshanunua kwa muuzaji wa biashara aliye huku, kwa simu au mtandaoni, una siku 14 tangu ulipopokea mzigo za kughairi. Mimi sikuwa nalijua hilo. Mwezi uliofuata kikaja kiboksi kingine na pauni 65 nyingine zikajaribu kukatwa kwenye kadi. Msigombane na muuzaji; iambieni benki yenu isitishe malipo hayo ya kujirudia, ni haki yenu. Mzigo ambao hukuuagiza hulazimiki kuulipia wala kuurudisha. Citizens Advice, shirika la huku la kushauri wananchi, watakusikiliza bure.

Wa Mombasa na Dar, ambao ameanza kuwaambia waweke akiba kwa sarafu hizi, mkitumiwa picha ya kiboksi chekundu piga picha ya skrini yenye namba umtumie admin. Yangu bado ninayo. Jumamosi nilijaribu kuilipia maegesho, mashine ikaitema mara tatu.