Redmi Note 5 yenye kerneli ya nje: inamfaa nani, na ikigoma ufanye nini

Nianze na jibu, maana wengi wanaoniuliza wanataka jibu tu. Kama una Redmi Note 5 ya mwaka 2018, ile ambayo jina lake la ndani ni whyred, na umeshahama mfumo wa kiwandani ukaweka romu nyingine (mfumo mwingine wa Android), weka kerneli ya nje, yaani kiini cha mfumo kilichojengwa na watu wengine badala ya Xiaomi. Utaona tofauti kwenye chaji, na programu zitaacha kujifunga kila ukigeuka. Kasi usiitegemee. Na kama simu hiyo ndiyo unayofungulia programu ya benki, soma kwanza mpaka mwisho kabla hujagusa kitu.

Mimi ni wakala wa pesa hapa Msamvu, Morogoro. Miamala naifanya kwenye vitochi, ila Redmi ndiyo inayobeba WhatsApp ya wateja, daftari langu la hesabu, na inamgawia intaneti mdogo wangu mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale jirani. Umeme ukikatika asubuhi, nahitaji simu ifike jioni bila kuomba chaji kwa mtu. Nimeipima kerneli kwa kazi hiyo. Michezo siijui, na alama za programu za kupima kasi sina shida nazo.

Simu niliinunua mkononi mwa mtu, ya RAM GB 3. Chipu yake ni Snapdragon 636 yenye kore nane zinazofika 1.8 GHz, betri ni ya 4000 mAh. Mfumo wa kiwandani uliishia Android 9. Chini ya Android kuna Linux 4.4, toleo lililotoka Januari 2016 na kufungwa rasmi kwa marekebisho Februari 2022. Hiyo ndiyo kerneli: kipande kinachoamua kore ipi ifanye kazi, ipi ilale, kumbukumbu igawanywe vipi, kamera na Wi-Fi viamshwe vipi. Romu nzuri ikikaa juu ya kerneli mbovu, utailaumu romu bure.

Kwa nini whyred ina kerneli nyingi hivi wakati simu nyingine za bei hiyo hazina hata moja? Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na leseni hiyo inamtaka anayegawa kerneli atoe na msimbo wake. Xiaomi waliuweka wa whyred hadharani kwenye GitHub, vijana wa nchi mbalimbali wakauchukua wakaanza kuunoa. Simu nyingi za bei chee zenye chipu za Unisoc na MediaTek kerneli za nje utazitafuta sana. Kwa hiyo kama unanunua simu ya mkononi kwa ajili ya kazi hii, uliza kwanza jina lake la ndani, kisha tazama kama msimbo wake upo. Ukubwa wa RAM uje baadaye.

Kufungua butiloda, programu inayoiwasha simu na ambayo kiwandani hufungwa isipokee mfumo wa nje, sitakaa nako sana. Unahitaji kompyuta ya Windows, programu ya Mi Unlock, akaunti ya Mi iliyofungwa na simu, na subira, kwani mara nyingi utaambiwa usubiri saa 168. Ikifunguka, kila kitu ndani ya simu kinafutika. Lakini kuna jambo moja la whyred ambalo naomba mlishike. Weka simu kwenye fastboot, hali ya kupokea amri za kompyuta (kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwasha, mpaka umwone yule sungura anayemtengeneza roboti), iunganishe na kompyuta, uandike fastboot getvar anti, uone namba ya kizuizi cha kurudi toleo la zamani. Jibu likiwa 4, usithubutu kurudisha mfumo wa kiwandani wa zamani wenye namba iliyo chini ya hiyo. Hapo ndipo whyred zinapokufa kabisa, haziwaki wala fastboot haitokei. Kerneli yenyewe haiui simu namna hiyo. Ikikataa, fastboot bado ipo na rikavari bado ipo, unarudi ulikotoka.

Na kurudi ulikotoka kunataka nakala. Ndani ya TWRP, rikavari ya nje inayotumika kuweka na kurudisha mifumo, ingia Backup, toa alama zote, acha Boot peke yake, sehemu inayobeba kerneli. Ni faili dogo, linamalizika unapepesa jicho. Lihamishie kwenye kadi ya kumbukumbu, na ile boot.img iliyomo kwenye zipu ya romu yako iweke kwenye kompyuta. Mtu akiniambia ameweka kerneli bila vitu hivi viwili, huwa namwomba asiendelee mpaka avipate.

Kuweka kwenyewe ni kwepesi, na sifa zote zimwendee osm0sis, aliyetengeneza AnyKernel3. Kerneli nyingi za simu hizi hufungwa kwa kifurushi chake. Unachagua zipu ndani ya TWRP, unatelezesha kidole, halafu mistari inashuka kwenye kioo: inaifungua boot iliyopo, inatoa kerneli ya zamani, inachomeka mpya, inaifunga tena. Sehemu nyingine za boot haziguswi, ndiyo maana hata aliyeweka Magisk, ya kujipa ruti (mamlaka yote juu ya simu), kwa kawaida haipotezi. Kazi safi kama hii, inayotolewa bure, inastahili kushukuriwa kwa jina.

Sasa matatizo.

Kerneli ya kwanza niliyoiweka ilitoka kwa msanidi mmoja ambaye kwenye jina la faili aliandika tarehe tu. Simu iliwaka vizuri, laini zikashika, Wi-Fi ikashika. Nikafungua kamera nipige picha ya kitambulisho cha mteja: kioo cheusi, sekunde chache, programu ikajifunga. Tochi nayo haikuwaka. Kwa whyred ugonjwa huu una jina. Romu zake zimegawanyika makundi mawili, oldcam na newcam, kufuatana na maktaba za kamera zilizomo, za zamani au mpya. Kerneli nayo lazima iwe ya kundi lilelile, la sivyo dereva wa kamera, kile kipande cha kerneli kinachoiendesha, na maktaba zake hawaelewani. Romu yangu ilikuwa newcam. Nilirudisha Boot kutoka kwenye nakala, nikatafuta kerneli ya msanidi mwingine aliyetoa zipu mbili na kuziandika waziwazi, nikaweka ya newcam. Kamera ikafunguka palepale, tochi ikawaka. Msanidi anayeandika kundi la kamera kwenye jina la faili, huyo namwamini hata kabla sijaionja kazi yake.

Wi-Fi ndiyo mgonjwa wa pili. Simu ya shemeji yangu, whyred vilevile, ilikuwa ukisukuma swichi ya Wi-Fi inarudi yenyewe. Hapo usianze kufuta mipangilio. Mara nyingi dereva wa Wi-Fi hukaa nje ya kerneli kama moduli, faili la pembeni linalopakiwa baadaye, na moduli iliyojengwa kwa kerneli nyingine hukataliwa. Ukiandika dmesg kwenye terminali (programu ya kuandikia amri) yenye ruhusa za ruti utakuta mstari unaolalamikia version magic, na uname -r itakuonyesha jina la kerneli uliyonayo sasa. Majina hayafanani, basi umeshaujua ugonjwa. Dawa ni kifurushi kinacholeta moduli yake chenyewe, au kerneli iliyojengwa na dereva wa Wi-Fi ndani yake. Ya shemeji tuliitibu kwa hiyo ya pili.

Simu ikiganda kwenye nembo ya Mi, au ikijizima na kujiwasha bila kikomo, usiizime kabisa. Shika kitufe cha kuongeza sauti na cha kuwasha uingie TWRP moja kwa moja. Kumbukumbu ya kilichotokea huhifadhiwa ndani ya RAM, na RAM ikikosa umeme imekwenda nayo. Fungua terminali ya TWRP, ingia /sys/fs/pstore, nakili faili ambalo jina lake linaanza na console-ramoops kwenda kwenye kadi, kisha ndipo urudishe Boot. Mistari ya mwisho ya faili hilo, hasa palipoandikwa Kernel panic, ndiyo ya kumpelekea msanidi. Ukimwandikia tu kwamba simu haiwaki, hana cha kushika. Ukimpa faili hilo anajua aanzie wapi.

Baada ya kupata kerneli inayoelewana na romu, nimefurahi kweli. Usiku simu inalala. Kabla ya hapo ilikuwa ikiamshwa-amshwa, naamka alfajiri nakuta chaji imeliwa na mimi sijaigusa. Sasa inashuka kidogo tu. Siku za kazi, pamoja na kugawa intaneti, inafika jioni. La pili ni zRAM, yaani sehemu ya RAM inayobana data zisizotumika kwa sasa ili nafasi ionekane kubwa. Kerneli hii inabana kwa lz4, na kwa simu ya GB 3 hilo linaonekana kwa macho: naacha daftari la hesabu, naenda WhatsApp, naangalia picha ya risiti, narudi, nalikuta palepale nilipoandikia. Zamani lilianza upya. La tatu ni KCAL, ya kurekebisha rangi za kioo. Kioo changu kilikuwa na umanjano, nimeutoa.

Kuongeza kasi ndiko ambako siwashauri. Snapdragon 636 ni ndugu wa 660, kwa hiyo kerneli nyingi za whyred hukuruhusu kuipandisha hadi 2.2 GHz. Nilijaribu. Kwa kazi zangu sikuona lolote isipokuwa joto mgongoni mwa simu, na kibanda changu kimeezekwa bati, mchana ni moto tayari. Nimeirudisha 1.8 na kuiachia schedutil, kipanga kasi cha kerneli, iipandishe na kuishusha yenyewe.

Kwa mipangilio ya kerneli natumia programu ya SmartPack, ya bure, ipo F-Droid, duka la programu huria. Franco Kernel Manager ni ya kulipia, imepangwa vizuri zaidi na grafu zake za betri zinasomeka kwa urahisi, mwenye uwezo aichukue. Kwa zote mbili, mpangilio usiuweke ujiwashe na simu mpaka uwe umeutumia na kuuona umetulia. Ukiwa mbovu na umeshaagizwa kujiwasha, utakuwa unaingia TWRP kila mara.

Haya, benki. Butiloda ikiwa wazi, programu nyingi za fedha hugundua kupitia ukaguzi wa Google na kukataa kufunguka, hata kama hujaweka ruti. Yangu ya benki ilikataa. Miamala ya *150*00# haikuguswa, kwa sababu USSD inapita kwenye mtandao wa simu na haijali ndani kuna kerneli gani. Zipo moduli za Magisk za kuficha butiloda, leo zinafanya kazi, kesho Google wakibadilisha ukaguzi zinakwama. Kwa pesa za wateja sitegemei kitu cha hivyo. Benki nimeihamishia kwenye simu nyingine isiyoguswa, na asiye na simu ya pili namshauri aiache whyred yake ilivyotoka kiwandani.

Jambo jingine: kila unaposasisha romu, boot inaandikwa upya na kerneli yako inaondoka. Kabla ya kuirudishia, soma maelezo ya sasisho. Romu iliyohama kutoka oldcam kwenda newcam, au kutoka Linux 4.4 kwenda 4.19, haitaipokea zipu ya jana.

Asiye na kompyuta atakwenda kwa fundi, hakuna ubaya. Ila kabla hujamlipa, mwambie akuwekee nakala ya boot ya mwanzo kwenye kadi yako, uione kwa macho, kisha fungua kamera, washa Wi-Fi na upige simu ukiwa bado umesimama pale dukani.