Profesa X na Jean Grey: nani mkali zaidi wa kusoma mawazo?

Wote walianza katika toleo moja la vibonzo vya Marvel, mwaka 1963. Kwa ustadi, kura yangu naipa Xavier, yaani Profesa X: huingia kichwani mwa mtu akafuta kumbukumbu, na kwa mashine ya Cerebro huwasaka wenye vipawa hata walio mbali. Ila adui yake Magneto akishavaa kofia yake ya kuzuia mawazo yasisomwe, mzee kagonga mwamba.

Jean ni habari nyingine. Akiwa na miaka 10, rafiki yake Annie aligongwa na gari. Jean akampakata, akili zao zikaungana, akayahisi mauti ya mwenzake. Ilibidi baadaye Xavier amzibie uwezo huo! Tena husogeza vitu bila kuvigusa. Lakini Phoenix, ile nguvu kubwa ya anga za mbali, ikimpanda, breki hana.