Bima ya boti iliyokatwa Mombasa, boti yenyewe iko Tana na Turkana: uzoefu wangu

Boti ni ya faiba, futi 23, mashine moja ya nguvu farasi 40. Bima niliikata Mombasa kupitia dalali wa bima, na boti inafanya kazi Mto Tana na Ziwa Turkana. Nimeridhika na bima hiyo, ila baada ya masharti kadhaa kubadilishwa kabla ya kulipa. Kama ilivyochapishwa, ilikuwa bima ya boti inayolala kwenye hori za pwani kama Tudor au Mtwapa, na ukiipeleka bara unabakiwa na karatasi tu.

Cha kwanza kusoma ni mipaka ya safari. Hati ya kawaida hutaja "maji ya pwani ya Kenya". Boti ikizama Hola, kule Mto Tana, hapo huna dai, hata kama hujakosa kulipa hata senti. Yangu sasa inataja Mto Tana kutoka Garissa hadi Kipini, Ziwa Turkana, na safari ya barabarani juu ya trela. Majina yaandikwe, neno "maziwa" peke yake ni mlango wa mabishano. Na uangalie mpaka wa nchi: upande wa kaskazini wa Turkana unaingia Ethiopia, na katika Ziwa Victoria sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Omba sentensi inayokulinda ukivuka kwa kusukumwa na upepo.

Kisha kuna miezi ya kupumzisha boti, ambayo ukiikubali hupunguza malipo. Ofisi za Mombasa huipanga kwa kufuata kusi, na baharini hilo lina maana. Mtoni halina. Tana hufurika kwa mvua za masika na za vuli, ikishuka na magogo na kuhamisha mafungu ya mchanga. Ukipewa likizo ya Juni hadi Agosti unalipia miezi ya hatari na kuiacha boti nchi kavu wakati mto umetulia. Nilidai kalenda ya mto, nikapewa bila shida.

Masharti yenyewe yanafuata Institute Yacht Clauses za London za mwaka 1985, na humo mashine ya nje ina sheria zake. Ikiibwa unalipwa endapo ilikuwa imefungwa kwa kifaa cha kuzuia wizi, zaidi ya vibanio vyake vya kawaida. Ikichomoka yenyewe ikaanguka majini, hulipwi kabisa. Basi tia bolti zinazopenya ubao wa tezi (wa nyuma ya boti), nati za kujikaza kwa ndani, na mnyororo wenye kufuli. Piga picha vyote pamoja na namba ya mashine. Tena bima ina haki ya kukata hadi theluthi moja kwenye fidia ya mashine, kwa kuwa unapewa mpya kwa kuukuu. Tuseme mashine ni shilingi 600,000 na kiasi cha kujibebea mwenyewe ni 50,000: toa 200,000, toa 50,000, mkononi utabaki na 350,000. Hesabu hii ifanye kabla ya kusaini.

Sharti linaloumiza zaidi Turkana ni la boti za kasi, zile zilizoundwa kupita mafundo 17, yaani kama kilomita 31 kwa saa. Boti ya namna hiyo ikiachwa kwenye nanga bila mtu, mbele ya ufuo ulio wazi, kisha ikazama au kupanda mwamba, hailipwi. Na upepo wa kusini mashariki wa ziwa lile hupiga usiku hadi asubuhi kwa nguvu ya kukata kamba. Ama vuta boti nchi kavu, ama weka mlinzi alale ndani yake na jina lake liandikwe kwenye daftari.

Gharama za kuokoa boti ndizo zinazotofautisha bima moja na nyingine. Wajibu wa mwenye boti ni kuzuia hasara isizidi, na gharama za haki hurudishwa. Lakini kreni haipo Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na lori hadi pale ni pesa nyingi. Mimi nina barua inayoniruhusu kutumia kiasi fulani bila kungoja simu ya ofisini. Hiyo barua naithamini kuliko punguzo lolote. Mashine ikizama, kwa mfano, haisubiri mkaguzi: osha kwa maji safi, ondoa plagi, geuza mwaga maji ya ndani, badilisha oili, iwashe siku hiyo hiyo. Kama fundi yuko mbali, iache ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi, maana hewa ndiyo inayoleta kutu upesi. Weka risiti, picha, na namba ya ripoti ya polisi.

Nyavu na vifaa vya uvuvi havimo kwenye bima. Abiria wa kulipa pia hawamo mpaka ikubaliwe kwa maandishi, na cheti cha ukaguzi cha KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya) kiwe hai. Jina la kampuni na la dalali yaangalie kwenye orodha ya leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima Kenya.

Nitaihuisha tena, kwa masharti hayo hayo yaliyorekebishwa. Wakirudisha hati ya maji ya pwani, nahamia kwingine.