Luwombo ya besdei ya besti yangu, Jinja

Jamani kama uko Jinja, Uganda, na una mtu wako anatimiza miaka akiwa mbali na kwao, mlete kwenye mgahawa huu, ila oda ya luwombo (kuku wa karanga aliyepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba) toa siku moja kabla maana si chakula cha papo kwa papo.

Sisi tuko wanne, Watanzania watatu na Mkenya mmoja, tunajitolea kufundisha shule ya msingi nje kidogo ya mji, mwezi wa tatu sasa. Besti yangu alikuwa anatimiza 26 Jumamosi na ndo besdei yake ya kwanza mbali na mama yake, tangu Alhamisi kanyamaza tu, anasema msijisumbue hela yenyewe tunaijua. Ijumaa jioni nikaja kuongea na mama mwenye mgahawa, nikaanza na Kiganda kidogo ninachokijua, akanijibu Kiswahili safi, kumbe aliwahi kufanya biashara ya samaki mpaka Mwanza. Nilifarijika mno, maana serikali ilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi 2022 lakini mtaani Jinja bado unaishi kwa Kisoga, Kiganda na Kiingereza.

Sasa hiyo luwombo. Kila mtu analetewa kifurushi chake, jani la mgomba limebabuliwa motoni mpaka likalainika, limekunjwa na kufungwa juu kama mfuko, ukifungua tu mvuke unakupiga usoni na harufu ya moshi na karanga. Ndani kuku wa kienyeji kwenye mchuzi wa karanga, na kwa vile imekaa kwenye mvuke masaa, nyama inaachia mfupa ukiigusa na kijiko. Matoke yamepondwa laini kabisa. Mchuzi unaobaki kwenye mikunjo ya jani usiuache, utamu wote uko pale.

Keki tuliagiza duka lingine mjini, ikachelewa saa nzima na jina limekosewa, nilitaka kulia. Yule mama akaipeleka jikoni, akachovya kisu kwenye maji ya moto akalainisha krimu mpaka yale maandishi yakapotea, tukachomeka mishumaa.

Halafu maji. Nilimnong'oneza kwamba kwetu mwenye besdei lazima amwagiwe, akasema hata hapa wanamwagia, basi wahudumu wakamtoa besti uani na majagi yao, kelele mtaa mzima. Mimi nikagusa yale maji, ya vuguvugu! Alikuwa ameyapasha kwa sababu upepo wa ziwani jioni ni baridi, na kitenge kikavu kiko kwenye kiti kinasubiri, wala hakuna aliyemwomba. Wakati wa kulishana keki besti akatupita sote akaenda kumlisha yeye wa kwanza, akamwambia "hii ya mama yangu", wakakumbatiana besti bado analowanisha gauni la watu.

Vinywaji vilichelewa kidogo, wahudumu wawili hawatoshi Jumamosi, aongeze mtu. Luwombo ya kuku shilingi 25,000, inashibisha kweli, unalipa kesh au kwa simu, kadi hapana. Kutoka mjini tulikuja na boda, na usiku mama alituitia madereva anaowafahamu yeye mwenyewe, akasimama getini mpaka tumeondoka.

Mkenya wetu anatimiza mwezi wa kumi na moja, oda tumeshaacha.